UMUHIMU WA MIEMBE MIKONGWE YA NJIA YA MISAFARA

Wananchi wanafahamishwa umuhimu wa miembe mikongwe iliyopo Tabora na kandokando ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, ambayo mingi ilitayarishwa Unguja, ilipita njia hiyo, na miembe ikaenea katika vituo vyake, kikiwemo Kwihara.

Zipo aina za embe ambazo kokwa yake ina viini vingi, na miche yake kwa kawaida hufanana na mti mama. Aina nyingine zina kiini kimoja tu, ambacho huchanganya nasaba ya mti mama na ya mti uliotoa chavua. Kila mwembe uliotokana na kokwa ya namna hiyo hauna mwenziwe. Utamu wa tunda lake, au uwezo wake wa kustahimili kiangazi na maradhi, ndio mtaji wa mtafiti anayetafuta miche bora.

Kokwa ya embe haihifadhiki ghalani kama punje ya mahindi. Ikikaushwa na kugandishwa hufa. Nasaba yake hutunzwa katika mti ulio hai.

Kwa hiyo inashauriwa kwamba kabla ya mwembe mkongwe kukatwa kwa ajili ya mkaa, mbao au ujenzi, afisa wa kilimo aarifiwe, ili vikonyo vyake vichukuliwe na kubebeshwa juu ya miche michanga. Kwa njia hiyo nasaba hubaki hata mti ukiondoka. Ushauri huu unahusu pia miembe ya Unguja na Pemba.