Je, wajua? Plasma, runinga iliyojua kuonyesha giza

Weka runinga mbili bapa kwenye chumba kilichozimwa taa, moja plasma nzuri na nyingine LCD ya kawaida, kisha onyesha filamu yenye tukio la usiku. Kwenye LCD usiku utakuwa wa kijivu, maana nyuma ya kioo kuna taa inayowaka muda wote na nuru yake huvuja. Kwenye plasma usiku ni mweusi, na nyota iliyo angani inang'aa peke yake. Kwa mnunuzi anayetaka runinga ya sebuleni kwa ajili ya filamu na mpira, hii ndiyo iliyokuwa faida kubwa ya plasma, na faida nyingine zina chanzo hicho hicho: kila nukta ya picha hutengeneza nuru yake yenyewe.

Kati ya vioo viwili vilivyobanwa pamoja mna vyumba vidogo sana vyenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hugeuka plasma na kutoa miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Miale hiyo hupiga unga wa fosfa uliopakwa ndani ya chumba, nao unawaka rangi nyekundu, kijani au bluu. Ni kanuni ile ile ya tubelight, ila hivi vyumba ni vidogo kuliko punje ya ulezi, na kioo chenye pikseli 1,920 kwa 1,080 kina vyumba zaidi ya milioni 6. Chumba kinachopaswa kuwa cheusi hubaki na cheche hafifu tu ya kujiandaa kuwaka. Cheche hiyo iliwasumbua wahandisi kwa miaka mingi, na Pioneer waliipunguza sana katika runinga zao za Kuro, zilizotoka 2007. Wapenda filamu wengi bado wanazitunza.

Gesi huwaka na kuzimika upesi kuliko fuwele za kimiminika za LCD zinavyoweza kugeuka. Ndiyo maana mpira uliopigwa krosi huonekana ukiwa duara, bila mkia wa ukungu, na nyasi hazigeuki uji kamera inapomfuata winga. Isitoshe, nuru ya plasma husambaa pande zote, hivyo aliyekaa kwenye mkeka pembeni kabisa ya sebule huona rangi zile zile anazoziona aliye katikati ya kochi.

Teknolojia hii haikuanzia sebuleni. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson walibuni kioo cha plasma kwa ajili ya PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno wakati huo, na kioo chao kilikuwa na sifa ya ajabu: kilihifadhi picha chenyewe bila kukumbushwa kila mara. Kilionyesha rangi ya machungwa tu. Fujitsu walileta kioo cha inchi 21 chenye rangi zote mwaka 1992, na 1997 Philips walianza kuuza Marekani runinga ya inchi 42 kwa karibu dola 15,000. Kwa familia iliyozoea TV ya chogo iliyojaza kona nzima, picha kubwa inayoning'inizwa ukutani ilikuwa maajabu.

Gharama zake zilikuwa za kweli pia. Plasma ya inchi 42 ilikula wati 200 hadi 300 picha ikiwa angavu, ilitoa joto, na ilikuwa nzito. Nembo ya kituo ikikaa kona moja kwa muda mrefu huweza kuacha kivuli cha kudumu. Kwenye miinuko mirefu, kama Eldoret iliyo juu ya mita 2,000, kioo kinaweza kuvuma kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi na haivibani vioo vyake sawasawa.

Naamini dukani ndiko plasma ilikoonewa. Chini ya taa kali, LCD yenye mwanga mwingi humvuta mteja, na weusi wa plasma hauonekani. LCD nazo ziliendelea kushuka bei. Panasonic walitangaza kuachana na plasma Oktoba 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka uliofuata. Anayetaka weusi ule leo kwenye runinga mpya atafute OLED, ambayo nayo huwasha kila nukta peke yake.

Ukiuziwa plasma ya mtumba, omba iwashwe na iachwe mpaka ipate joto. Weka picha nyeupe tupu na utazame kona zote: kivuli cha nembo au cha ubao wa magoli kitajitokeza hapo. Sogeza sikio usikilize mvumo. Wakati wa kuisafirisha, isimamishwe wima na ifungwe vizuri. Ikilazwa, uzito wa vioo vyake unaweza kuipasua kwenye shimo la kwanza barabarani.