MSHIKAJI, KOMPYUTA YAKO INAKUFICHA NINI?

Hebu mshikaji, washa kompyuta yako uitazame vizuri. Chini kabisa ya kioo kuna ukanda, ule uliozoeleka tangu Windows 95 ilipotoka mwaka 1995. Unakuonyesha nini? Saa na tarehe! Bwana wewe, saa si unayo mkononi?

Wakati huohuo bando linayeyuka, feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi, betri iko hoi, na wewe huna habari. Umeme ukikatika katikati ya ripoti ya chuo, kioo kinakuwa cheusi, unaanza kutafuta mchawi. Mchawi hayupo. Hukuwa na taarifa tu.

Dawa ipo na haiuzwi: upe ukanda huo kazi ya maana.

MTUMBA UNA SIRI

Vijana wengi wa vyuo vya Mbeya na Iringa, kuanzia MUST hadi Mkwawa, wanaanza na laptopu ya mtumba. Si aibu. Ila Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziikubali Windows 11. Wajanja wengine wamehamia Linux Mint ya Xfce, ambayo ni ya bure na hailemei mashine kuukuu.

Humo, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya ukanda, ingia sehemu ya paneli, chagua kuongeza vitu vipya. Kipimo kisipokuwemo kwenye orodha, kishushe bure humohumo kwenye duka la programu. Lakini usiurundike ukanda kama meza ya machinga wa Mwanjelwa! Vinne vinatosha:

BETRI: Ruhusu asilimia zionekane kwa namba, siyo kapicha tu.

RAM: Ikijaa, mashine inaanza kukopa nafasi kwenye diski, na diski ina mwendo wa kobe. Ukiona imekaribia kujaa, funga kurasa za intaneti usizozisoma.

MTANDAO: Hujagusa kitu lakini namba zinapanda? Kuna programu inajisasisha kwa bando lako.

JOTO: Vumbi la kiangazi linaziba feni. Joto likipanda sana hata ukiwa unachapa barua tu, mpelekee fundi aisafishe.

Halafu vipimo usiviambie visome kila nusu sekunde. Kila usomaji unakula umeme kidogo. Sekunde mbili hadi tano zinatosha.

Uko Windows? Usinune. Peleka mshale juu ya alama ya betri, asilimia zitatokea. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona nani anakula RAM na mtandao. Na kwenye mipangilio ya Wi-Fi, iambie mashine kwamba unalipia kila MB, itapunguza kujishushia mambo makubwa kimyakimya.

ASILIMIA NAZO ZINADANGANYA

Hapa ndipo wengi wanachemsha. Betri iliyochoka inaweza kuandika 35, kisha ikazima ghafla. Asilimia 100 maana yake imejaa kadiri inavyoweza leo, siyo kama ilivyotoka kiwandani.

Basi kabla hujatoa hela dukani, iwe Mbeya mjini au Miomboni Iringa, fungua dirisha la amri la Windows uandike powercfg /batteryreport. Mashine itakutengenezea ripoti na kukuonyesha ilikoihifadhi. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 20,000, unauziwa asilimia 40 ya betri. Omba bei ipungue.

Muuzaji akikataa usiifungue ripoti hiyo, ameshakujibu. Aga kwa heshima, nenda duka la pili.