Bwawa Kubwa Ndani ya Maabara

Bwawa la Kariba, lililojengwa kati ya 1955 na 1959 katika mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lina milango sita ya kupunguzia maji ya mafuriko. Maji yatokayo humo huruka hewani na kuanguka mtoni, mbele ya ukuta wenye kimo cha meta 128. Kufikia 1981 yalikuwa yamechimba mwambani shimo lenye kina cha kiasi cha meta 80. Hatari ilikuwa dhahiri: shimo likirudi nyuma, lingeweza kufikia msingi wa ukuta.

Mhandisi hawezi kubahatisha dawa ya shimo hilo kwenye bwawa lenyewe. Hana budi kujenga mfano mdogo, apitishe maji humo na kupima.

Hata hivyo, mfano haupunguzi mambo yote kwa kiasi kimoja. Maji yanayoendeshwa na uzito wake hufuata kanuni ya William Froude (1810–1879), Mwingereza aliyechunguza mifano ya meli: kasi hupungua kwa kipeuo cha pili cha kipimo cha urefu. Tuchukue mfano wa 1:100. Kasi hugawanywa kwa 10, na eneo la mlango kwa 10,000. Kwa hiyo wingi wa maji yapitayo kila sekunde hugawanywa kwa 100,000. Mlango utoao meta za ujazo 1,500 kwa sekunde huwakilishwa na lita 15 tu, yaani ndoo moja!

Mfano wa Kariba ulijengwa katika maabara ya chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne, Uswisi. Humo yalipimwa mapigo ya maji kwenye sakafu ya shimo. Lakini viputo vya hewa havipungui kwa kadiri ya mfano, wala nyufa za mwamba haziigiki kwa urahisi. Ndiyo maana vipimo hivyo viliunganishwa na hesabu za namna maji yanavyopenya nyufani na kung'oa mawe. Uamuzi ukawa kulipanua shimo kuelekea chini ya mto, ili maji yapoteze nguvu mbali na ukuta. Kazi hiyo ilianza 2017.

Basi mfano ni shahidi mwema, mradi tujue ni maswali gani awezayo kuyajibu. Mwanafunzi naye ajiulize: katika mfano wa 1:25, wingi wa maji utagawanywa kwa ngapi?