Kumtia Mwana Skuli ya Kimarekani Ugenini

Katika miji ya Ghuba, kama vile Dubai, Doha na Maskati, wako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa na kwingineko kufuata riziki ya halali. Wengi wao wamekwenda na watoto wao, na swali la kwanza liwakabililo baada ya nyumba ni hili: mtoto atasoma wapi? Skuli za serikali za huko husomesha kwa Kiarabu, na aghalabu wenyeji hutangulizwa. Basi mzazi hugeukia skuli za binafsi, na miongoni mwa hizo ziko nyingi zijiitazo za Kimarekani. Makala haya yakusudia kumsaidia mzazi huyo achague naye ajua achaguacho.

Pengine atatokea wa kusema kwamba haimfalii Muislamu hata kuukaribia mlango wa skuli hizo. Kauli hiyo haina nguvu. Imepokewa katika sira kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, baadhi ya mateka wa Makka wasiokuwa na mali walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina, na wanafunzi walikuwa watoto wa Waislamu. Elimu yenye manufaa ilipokewa kwao. Lakini kulea hawakuachiwa. Kalamu ilifundishwa na mateka, na imani ikabaki mikononi mwa wazee. Mpaka huo ndio wa kushikwa hata leo.

Na tufahamu kwanza jina hili la Kimarekani lina maana gani. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa zima; kila jimbo hujipangia lake. Mwaka 2010 vilitolewa viwango vya pamoja vya Kiingereza na hisabati, viitwavyo Common Core, na majimbo mengi yakavikubali, wala si yote. Tena hapana mtihani mmoja wa taifa wa kumalizia masomo, mfano wa ule wa kidato cha nne utungwao na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwanafunzi hukusanya alama zake somo kwa somo, kuanzia darasa la 9 mpaka la 12, kisha skuli yenyewe humpa cheti. Hapo ndipo penye hatari. Cheti cha Baraza hubeba jina la Baraza, popote mtoto aliposomea. Cheti cha Kimarekani hubeba jina la skuli iliyokitoa. Skuli ikiwa dhaifu, cheti nacho ni dhaifu, hata kikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi ni hili: nani anayeishuhudia skuli hii? Ziko jumuiya za Kimarekani ambazo kazi yao ni kuzikagua skuli na kuzipa ithibati. Kongwe miongoni mwao ni New England Association of Schools and Colleges, iliyoasisiwa mwaka 1885. Nyingine ni Middle States Association na Cognia. Mzazi asitosheke na alama iliyochorwa langoni. Aitazame orodha ya jumuiya yenyewe, aone kama skuli imekwisha kupewa ithibati au ingali ni mwombaji. Katika matangazo mambo hayo mawili hufanana, na kwa hakika yanatofautiana kama aliyeposa na aliyeoa. Dubai, mamlaka ya elimu iitwayo KHDA imechapisha ripoti za ukaguzi wa skuli za binafsi, na humo husomwa daraja la skuli hata katika somo la Dini na la Kiarabu. Kuzisoma hakuna malipo.

Swali la pili: cheti hicho kitamfikisha wapi mtoto? Vyuo vikuu vya Marekani hutazama wastani wa alama za miaka minne, na vingine hutaka pia mtihani wa SAT, ambao alama zake za juu ni 1600. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza haviridhiki na cheti peke yake. Hutaka pamoja nacho mitihani ya Advanced Placement, ambayo husahihishwa nje ya skuli na kupewa alama 1 mpaka 5. Basi mzazi aulize: mnafundisha masomo mangapi ya daraja hiyo, na waliomaliza hapa miaka mitatu iliyopita wamekwenda vyuo gani? Anayetazamia kumrejesha mwanawe Tanzania ajue kwamba cheti cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa na vya hapa. Na akirejea kabla hajamaliza, atakuta Kiswahili ni somo la lazima katika sekondari. Ni msiba ulioje, kijana kuanguka katika lugha ya mama yake!

Tena riziki ya ugenini imefungamana na mkataba wa kazi. Mkataba ukikatika, ada nayo hukatika, na mara nyingi ruhusa ya kukaa pia. Mzazi mwenye busara huuliza mapema ni kiasi gani cha ada kitarejeshwa mtoto akiondoka kati ya mwaka, na kila mwaka umalizikapo huweka nyumbani karatasi za alama zenye mhuri.

Swali la tatu ndilo zito. Katika Falme za Kiarabu, sheria yazilazimisha skuli za binafsi, na za Kimarekani zimo, kuwafundisha wanafunzi Waislamu somo la Dini. Hiyo ni neema, lakini imewalaza usingizi wazazi wengi. Husema, “Mwanangu asoma dini skuli,” wakaona wamekwisha kuitua amana. Somo hilo ni vipindi vichache kwa wiki, na mtoto asiyekuwa Mwarabu hufundishwa kwa Kiingereza. Aweza kupata alama zote katika mlango wa Sala, na jua likamchomozea kitandani. Mwenyezi Mungu ametusimulia jinsi Luqman alivyomnasihi mwanawe: alianza na Tauhidi, akamwamrisha Sala, akamkataza kiburi. Maneno hayo aliyasema baba kwa kinywa chake. Hakumkodia mtu wa kuyasema.

Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni: pako pahala pa kusali Adhuhuri? Binti ataruhusiwa kujisitiri katika michezo na kuogelea? Mtoto atalazimishwa kuhudhuria sherehe zisizo za dini yake? Msione haya kuuliza. Skuli njema hujibu wazi, na inayobabaika imekwisha kujibu. Kisha nyumbani, baina ya Magharibi na Isha, zimeni simu, msomesheni Qur'ani, na mzungumze Kiswahili, ili bibi yake akipiga simu kutoka Pemba apate mjukuu wa kusema naye.

Ada yaweza kununua hisabati na sayansi. Malezi hayana ada, nasi tutaulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wanetu kuwa kitulizo cha macho yetu, wawe na elimu ya dunia pamoja na uongofu. Amin.