Kamera ya gramu 461 au ya gramu 1,340?

Wiki hii, msikilizaji, tuzungumzie kamera, na hasa uzito wake. Tangu tulipogusia kazi ya wapigapicha wa harusi, maswali yaliyonifikia karibu yote yanazunguka jambo moja. Mtu amekusanya fedha zake, pengine amekopa kwenye SACCOS, anataka kununua kamera ya kidijitali ya fremu kamili. Anafika dukani, anakuta kwenye kabati moja kumepangwa Canon EOS R8 yenye gramu 461 na Nikon Z9 yenye gramu 1,340, zote zikiwa na betri na kadi ndani. Muuzaji anamwambia zote mbili ni fremu kamili. Iweje basi moja iwe na uzito wa mara tatu kasoro kidogo ya nyenzake? Na yeye mwenye mkopo achukue ipi?

Tuanze na hilo neno lenyewe. Fremu kamili maana yake ni kwamba kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ambacho mafundi hukiita sensa, kina kimo cha milimita 24 na upana wa milimita 36. Hivyo ndivyo vipimo vya picha moja kwenye ile filamu ya milimita 35 ambayo wazazi wetu walikuwa wakiipeleka studio kusafishwa. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo zaidi, isiyofika nusu ya eneo hilo. Sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na ndiyo sababu mpigapicha anayefanya kazi ndani ya ukumbi wenye taa hafifu huitamani.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Vipimo hivyo vya 24 kwa 36 vilitokana na kazi ya fundi wa Kijerumani, Oskar Barnack, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya Leitz katika mji wa Wetzlar. Barnack alikuwa na pumu, na alipenda kutembea milimani kupiga picha, lakini kamera za siku zile, pamoja na vioo vyake, zilikuwa mzigo wa punda. Mnamo mwaka 1913 na 1914 akatengeneza kikamera cha kutia mfukoni kilichotumia filamu ya sinema, na mwaka 1925 kamera hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Leica. Kwa hiyo fremu hii, ambayo leo watu wanaiogopa kwa uzito, iliasisiwa na mgonjwa wa pumu aliyetaka kupunguza mzigo begani.

Uzito ulirudi baadaye, pale teknolojia ya kidijitali ilipoingia. Canon EOS-1Ds ya mwaka 2002, mojawapo ya kamera mbili za kwanza za aina hii kuuzwa, ilikuwa na kilo moja na robo bila lenzi, na bei yake ilikuwa dola za Marekani zipatazo 8,000. Kamera hizo zilikuwa na kioo ndani yake, kilichoakisi mwanga kuupeleka kwenye tundu la kuchungulia, kisha kikanyanyuka kila shata ilipobonyezwa. Kioo kinahitaji nafasi ya kunyanyukia. Katika kamera za Canon za namna hiyo, kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa ni milimita 44. Kioo kilipoondolewa, umbali huo ukashuka hadi milimita 20. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoufungua mlango kwa kishindo mwaka 2013, ilipotoa A7, kamera ya fremu kamili isiyo na kioo, yenye gramu 474 tu pamoja na betri na kadi. Tangu hapo kampuni nyingine nazo zikafuata.

Sasa tulijibu swali letu. Ikiwa sensa ni ileile, gramu zinazozidi zinakwenda wapi? Mfano mzuri kuliko yote ni wa ndugu wawili wa tumbo moja, Nikon Z9 ya mwaka 2021 na Nikon Z8 ya mwaka 2023. Sensa zao ni za aina moja, za megapikseli 45.7, na akili yao ya kompyuta ni ileile. Picha utakayopiga kwa moja huwezi kuitofautisha na ya nyingine. Lakini Z8 ina gramu 910, yaani pungufu kwa gramu 430. Gramu hizo ni za mshikio wa pili wa kushikia kamera ikiwa wima, betri kubwa zaidi, na tundu la kuchomekea waya wa mtandao, ambalo mwandishi wa habari za michezo hulitumia kutuma picha kutoka uwanjani mchezo ukiendelea. Mtu asiyefanya kazi hiyo analibebea nini?

Mfano wa upande wa pili ni Sony A7 III ya mwaka 2018, yenye gramu 650, na A7C ya mwaka 2020, yenye gramu 509. Hapa tena sensa ni ya megapikseli 24 kwa zote, na hata betri ni ileile. Tofauti ni gramu 141, uzito wa yai mbili na ushei. Lakini tazama kilichotolewa ili kuzipata gramu hizo. Tundu la kuchungulia limepunguzwa na kusogezwa pembeni, gurudumu la mbele la kurekebishia limeondoka, na kile kitufe kidogo cha kuchagulia mahali pa kulenga hakipo. Na nafasi ya kadi ya pili imefutwa.

Hiyo nafasi ya kadi ya pili naomba tuizungumze kwa kirefu kidogo, maana ndipo penye riziki ya watu. Kamera yenye nafasi mbili huandika kila picha mara mbili, kadi hii na kadi ile, kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, ya pili ipo. R8 ya gramu 461 ina nafasi moja tu, sawa na A7C. Kwa anayepiga picha za mandhari, kadi ikiharibika atarudi kesho jua likichomoza. Mpigapicha wa harusi hana kesho. Mama mzazi wa bwana harusi amesafiri kutoka Songea, bibi mzaa mama ameketi mbele akiwa na khanga mpya, na pengine ni mara ya mwisho ukoo ule kukusanyika wote. Hakuna fidia inayoweza kuzirudisha picha zile, na katika miji yetu habari za mpigapicha aliyepoteza picha za harusi hufika Mbagala kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Kwa hiyo kwa mtu wa harusi mimi nasema bila kumung'unya maneno, nafasi mbili za kadi zina thamani kuliko gramu 141.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika mazungumzo ya wanunuzi ni kupima kamera bila lenzi, kama mtu anayepima sufuria tupu. Na lenzi hufuata sheria ya hesabu, haisikilizi udogo wa kamera. Chukua lenzi ya milimita 200 yenye ufunguzi wa f/2.8. Gawanya 200 kwa 2.8, unapata 71. Maana yake mwanya wa kupitishia mwanga lazima uwe na kipenyo cha milimita 71, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko hapo. Ukichukua f/4, jibu ni milimita 50. Ndiyo sababu lenzi ya Canon ya RF 70-200 ya f/2.8 ina gramu 1,070, na dada yake wa f/4 ana gramu 695. Tofauti ni gramu 375, karibu uzito wa mwili mzima wa kamera ndogo! Huyo wa f/4 hupitisha nusu ya mwanga wa mwenzake, hilo ni kweli, lakini sensa ya fremu kamili ya siku hizi huvumilia kuongezewa wepesi wa kupokea mwanga bila picha kujaa chengachenga kama zamani. Wengi hununua fremu kamili kwa sababu hiyo hiyo, kisha wakaifungia lenzi nzito kuliko zote dukani.

Tufanye hesabu ya begi, basi. R8, pamoja na lenzi ya RF 24-105 ya f/4-7.1 yenye gramu 395, na lenzi ndogo ya RF 50 ya f/1.8 yenye gramu 160, jumla yake ni gramu 1,016. Begi lote hilo ni jepesi kuliko Z9 isiyo na lenzi. Kwa msafiri, kwa mzazi, kwa mwandishi anayepanda daladala, sioni sababu ya kutafuta zaidi. Lakini chukua R8 hiyohiyo uifungie lenzi ya RF 28-70 ya f/2, yenye gramu 1,430. Lenzi sasa ni mara tatu ya kamera. Mbele panaelemea, mkono wa kushoto ndio unaobeba kila kitu, na kiganja cha kulia kinashikilia kitu kidogo ambacho kidole cha mwisho hakipati hata pa kukaa. Baada ya saa sita za kupiga sherehe, maumivu ya kifundo cha mkono hayatakuwa madogo kuliko ya mwenye Z8. Kamera nzito kiasi, yenye mshikio mnene, hubeba lenzi nzito kwa raha zaidi. Wepesi una faida ukiwa kwenye vyote viwili.

Kwa upande mwingine, mwenye Z9 na lenzi mbili za kazi, ile ya 24-70 ya f/2.8 yenye gramu 805 na ile ya 70-200 yenye gramu 1,440, anatembea na gramu 3,585 kabla hajaweka flashi, betri za akiba na maji ya kunywa. Wakubwa wangu katika fani ya redio walibeba mashine za kurekodia za Uher, zenye mikanda ya sumaku, uzito wa kilo kadhaa begani, na wako wanaopinda upande mmoja mpaka leo. Najua atatokea mtu wa kunikumbusha habari za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu. Alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Ni kweli kabisa. Lakini mtu wa namna ile si kipimo cha kununulia kamera.

Liko jambo jingine ambalo kwenye vitabu vya kamera huwezi kulikuta. Wateja wetu hupima ufundi kwa macho. Mpigapicha akiingia ukumbini na kamera ndogo, mwenyekiti wa kamati ya harusi humtazama mara mbili, na siku ya kumalizia malipo maneno huwa mengi. Nimeambiwa hivyo na wapigapicha kadhaa, wanaume kwa wanawake, na wanawake ndio wanaolalamika zaidi. Ni dhana potofu, lakini ndiyo inayolipa kodi ya studio. Mitaani mambo hugeuka: kamera kubwa huita vibaka na maswali ya askari, na ndogo hupita salama.

Kwa mwenye mkopo wa SACCOS, basi, ushauri wangu ni wa katikati, kamera ya gramu 650 hadi 900, yenye nafasi mbili za kadi. Na asiidharau kamera ya kioo iliyotumika. Canon 5D Mark IV ya mwaka 2016 ina gramu 890, ina nafasi mbili za kadi, betri yake hudumu kwa sababu haiwashi kiskrini kila unapochungulia, na lenzi zake zilizotumika ni nyingi na bei yake imeshuka. Akiichukua, fedha inayobaki aiweke kwenye lenzi.

Akifika dukani, aombe kamera ifungiwe lenzi atakayoifanyia kazi, aishike usoni dakika kumi nzima bila kuiweka chini, muuzaji anune asinune. Aulize pia bei ya betri moja ya akiba iliyo halisi, kwa sababu kamera ndogo nyingi hutumia betri ndogo na siku ya harusi atahitaji tatu au nne. Kuna waliozinunua kamera zao bila kuuliza hilo, na sasa huonekana wakiwa wamechuchumaa nyuma ya meza ya MC, wakitafuta soketi ya kuchajia.