Shahada za Mtandaoni na Thamani Yake

Siku hizi kijana amalizapo kidato cha sita haoni haja ya kungoja barua ya chuo. Simu yake yenyewe humletea matangazo: soma ukiwa nyumbani, pata shahada kwa muda mfupi, anza hata kesho. Baadhi ya vyuo hivyo viko ng'ambo, tena ni mali ya makampuni ambayo wenye hisa wake hutazamia faida kila mwaka. Wanafunzi huuliza, na wazazi nao huuliza, maana ndio wauzao ng'ombe au kiwanja ili walipe ada: Je, shahada ya namna hii ina thamani? Yafaa tulipime jambo hili kwa utulivu. Na tuanze na Marekani, ambako vyuo hivi vimekuwako miaka mingi na matokeo yake yanajulikana.

Kwanza tuondoe wazo moja lisilo sahihi. Kusoma kwa mbali si jambo la kudharauliwa. Hayati Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, hali angali kifungoni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kufundisha mwaka 1971, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Vyuo hivi havina wenye hisa wa kugawiwa faida. Kwa hiyo swali letu si kama mwalimu yuko mbali au karibu. Swali ni hili: fedha ya mwanafunzi hufanya kazi gani ikisha kulipwa?

Chuo cha faida kinachojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha Phoenix, kilichoanzishwa mwaka 1976 na John Sperling. Shabaha yake ilikuwa njema: kuwafundisha watu wazima wenye kazi na watoto, ambao vyuo vya kawaida havikuwajali sana. Mwaka 1989 kilianza masomo kwa njia ya kompyuta, na kufikia mwaka 2010 kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 450,000. Makampuni mengine yalifuata njia hiyo hiyo, na fedha nyingi waliyoipokea ilitoka katika mikopo ya serikali, mikopo ambayo mwanafunzi mwenyewe hana budi kuilipa, amalize masomo au asimalize.

Mwaka 2012 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilitoa taarifa juu ya makampuni 30 ya namna hii. Iligundua kwamba mwaka 2009, katika kila dola 100 zilizoingia, zaidi ya 22 zilitumika kwa matangazo na kutafuta wanafunzi, kama 19 zilikuwa faida, na kama 17 tu ndizo zilizotumika kwa kufundisha. Katika wanafunzi walioingia mwaka wa masomo wa 2008 na 2009, zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kuondoka bila cheti ilipofika katikati ya mwaka 2010. Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuo kitumiacho fedha nyingi kujitembeza kuliko kufundisha, yatupasa tukitazame mara mbili.

Mambo hayo hayakukosa mwisho wake. Kampuni ya Corinthian ilifunga vyuo vyake mwaka 2015, na ITT ikafunga vyake Septemba 2016. Maelfu ya wanafunzi walijikuta wana deni lakini hawana cheti, na vyuo vingi vingine havikukubali masomo waliyokwisha kuyasoma. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Phoenix kilikubali kutoa dola milioni 191, nyingi zikiwa madeni ya wanafunzi yaliyofutwa, ili kumaliza mashtaka ya serikali kwamba matangazo yake yaliwadanganya watu juu ya nafasi za kazi katika makampuni makubwa.

Tusisahau kwamba vyuo hivi vyote vilikuwa na ithibati, yaani kibali cha chombo chenye kazi ya kukagua vyuo. Basi ithibati ni lazima, lakini peke yake haitoshi.

Je, mwajiri naye huionaje shahada hiyo? Wataalamu wa uchumi, miongoni mwao David Deming na Claudia Goldin, walifanya jaribio wakalichapisha mwaka 2016. Walipeleka kwa waajiri maombi mengi ya kazi yaliyotungwa, yenye sifa zinazolingana, ila jina la chuo tu lilibadilishwa. Kwa kazi za biashara, mwombaji mwenye shahada ya chuo cha faida cha mtandaoni aliitwa mara chache zaidi, pungufu kwa asilimia 22, kuliko mwenye shahada ya chuo cha umma cha kawaida. Lakini katika kazi za afya zinazotaka leseni tofauti hiyo haikuonekana. Sababu yake si ngumu kuielewa. Penye leseni, mtu wa nje amekwisha kumpima mwombaji, na mwajiri hana haja ya kukisia. Pasipo leseni, jina la chuo ndilo shahidi wa pekee, na shahidi asiyeaminiwa hamsaidii mtu.

Hapo ndipo tupatapo kipimo chetu. Shahada ni ushuhuda. Thamani yake hutegemea ni nani anayeshuhudia na ni nani anayemwamini. Mwanafunzi aweza kusoma kwa bidii usiku kucha na kujifunza mengi ya kweli, lakini asipokuwa na shahidi mwema, bidii yake haitaonekana upesi.

Basi kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni maswali haya. Je, shahada hii itatambuliwa hapa nchini? Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo yenye kazi ya kutathmini shahada za nje, na kuiuliza mapema ni bora kuliko kuiuliza baada ya miaka minne. Je, kazi ninayoitaka ina bodi au mtihani wake, na bodi hiyo yakipokea chuo hiki? Katika wanafunzi wanaoingia, wangapi humaliza? Nikitaka kuhamia chuo kingine, masomo yangu yatakubaliwa? Na ada yote mpaka mwisho ni kiasi gani, si ya muhula wa kwanza tu?

Chuo chema kitajibu kwa maandishi bila kukasirika. Kile kinachokupigia simu kila siku na kukuharakisha ulipe leo, huku kikiyakwepa maswali hayo, kimekwisha kukujibu. Na wewe mzazi, usione haya kuketi na mwanao mkayasoma majibu hayo pamoja, maana mali itakayotoka ni ya nyumba nzima, na miaka itakayopita ni ya kijana peke yake.