Juma la Kiangazi: Masomo ya Nyumbani katika Njia ya Misafara

Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa shule zifungwe kwa sababu ya maradhi ya korona, sisi wakazi wa Tabora tulikuwa tungali katika masika: mahindi yamekwisha kutoa ndevu, njia za mashambani zimejaa tope, na watoto, ambao kwa ada walikuwa wakirejea alasiri na madaftari yao, wakawa wameketi barazani tangu asubuhi, wakituangalia sisi wazee kana kwamba jawabu lilikuwa kwetu. Masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni, nasi tuliyasikiliza kwa shukrani. Lakini kipindi cha redio hakikawii kwisha, na siku ya mtoto ni ndefu. Basi kabla shule hazijafunguliwa tena tarehe 29 Juni, mvua zilikatika, karanga zikang'olewa na kuanikwa, umande wa asubuhi ukageuka baridi ya kipupwe, na watoto wale wale waliokuwa wakiuliza watafanya nini wakawa hawana wasaa. Hakuna mtu aliyewatungia mtaala. Majira ndiyo yaliyowapa kazi, na kila kazi ilikuja na maswali yake.

Tangu mwaka ule, kila ifikapo likizo ya Juni, nyumba yetu hutenga juma moja la masomo ya kiangazi na matembezi ya kujifunza. Nisifahamike vibaya: sisemi kwamba nyumba ishike mahali pa shule. Ziko nchi, kama Uingereza na Marekani, ambako mzazi aweza kwa idhini ya sheria kumfundisha mtoto wake nyumbani miaka yote, na iko nchi kama Ujerumani ambako sheria humtaka mtoto ahudhurie shule. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule ya msingi, nami naikubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa mji huu wajua fadhila za shule. Hapa Tabora ndipo Julius Nyerere alipoingia sekondari mwaka 1937, na hapa ndipo alipokuja kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria baada ya kutoka Makerere. Lakini ni Nyerere huyo huyo aliyetukumbusha, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, ya kuwa Waafrika wa kale, ijapokuwa hawakuwa na majengo ya shule, hawakukosa elimu, maana watoto wao walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Juma letu la Juni ni jaribio la kuurudisha mkono huo wa pili wa elimu, ili mkono wa kwanza usifanye kazi peke yake.

Juma hilo huanza Jumamosi, kama jina lenyewe lisemavyo kuwa ndiyo siku ya mosi, na mwalimu wa siku hiyo ni Bibi. Viazi vitamu vilivyochimbwa mashambani humwagwa uani, na watoto hugawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza humenya viazi vibichi, huvikata vipande vyembamba na kuvianika juani, navyo vikikauka huitwa michembe. Kundi la pili huvichemsha kwanza, ndipo hukata na kuanika, na hayo ni matobolwa, ambayo mtu hutafuna makavu kama yalivyo au kwa chai. Bibi hapendi haraka. Kipande kinene humrudishia mtoto akikate upya, kwa sababu, asema, kinene hukauka nje kikavunda ndani. Hapo ndipo sisi huongeza maelezo ya kitabuni: kwamba ukungu hauwezi kuota mahali pasipo na maji, kwamba jua kali na hewa kavu ya Juni hufanya kazi ile ile ifanywayo na mashine za viwandani, na kwamba kazi hii haiwezekani Februari, mwezi ambao wingu hufunika jua na nguo zenyewe hazikauki. Kwa somo hilo moja mtoto hufahamu kwamba Tabora ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, na kwamba miezi iliyobaki mtu hula alichokiweka.

Jumapili, baada ya ibada za majirani na mapumziko, twaingia mwituni. Miombo ni maktaba pana, lakini kwa siku moja hutosha mti mmoja, nasi huuchagua mninga. Juni tunda lake huning'inia matawini, duara bapa lenye miba katikati na ubawa mwepesi ukingoni. Mtoto akilirusha juu akaliona likipeperuka, hujua bila kuambiwa kwa nini mti usiotembea huweza kupeleka uzao wake mbali. Gome likikwaruzwa hutoka utomvu mwekundu mithili ya damu, na ndipo watoto hunyamaza. Huwaachia fumbo la kurudi nalo Septemba: kwa nini miti hii, katika ukavu mkuu kuliko wote, mvua haijadondoka hata tone, huchipua majani mekundu? Jawabu liko katika mizizi iendayo chini sana na katika maji ambayo mti uliyahifadhi mwilini. Lakini jawabu hilo sisemi mapema, maana mtoto aliyengoja miezi mitatu hulishika zaidi ya aliyepewa papo hapo.

Siku mbili zifuatazo ni za njia ya misafara, na hizo ndizo kiini cha juma zima. Jumatatu ni hesabu. Mpagazi wa zamani alibeba, aghalabu, mzigo wa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Basi mzigo ni kilo 32, na watoto, wakijua uzito wa debe la mahindi, huona ya kuwa mtu yule alitwaa begani karibu madebe mawili. Kisha huwapa habari za Waingereza wawili, Burton na Speke, walioondoka pwani tarehe 27 Juni, 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, tarehe 7 Novemba. Wanahesabu siku kwa vidole na kwa kalenda, wapata 133. Tukikadiria mwendo kuwa kilomita 800, wanagawa, wapata kilomita sita tu kwa siku. Sita! Mbona mtoto huenda zaidi ya hizo akitumwa? Ndipo hutafuta sababu wenyewe: homa, mito, kungoja ruhusa na hongo za watemi, wapagazi waliotoroka, na siku za kupumzika. Kugawanya namba kumewafungulia historia.

Jumanne twaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ambako imesimama tembe iliyojengwa upya kuwa makumbusho: nyumba ya udongo yenye paa bapa. Mwezi kama huu, Juni 1871, msafiri Stanley alifika Unyanyembe, ndiyo nchi yetu hii, akakaa Kwihara, naye Novemba akamkuta msafiri mwenzake, Livingstone, huko Ujiji. Februari 1872 wakarejea hapa wote wawili. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hata Agosti. Baada ya mzee yule kufariki Mei 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake, wakapita Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Watoto huambiwa majina hayo ya Susi na Chuma mara mbili, kwa kuwa vitabu vingi huyataja mara moja tu na kupita.

Wala hatuwafichi yaliyo mazito. Njia hii, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa na kuendelea hata Ujiji, mwendo wa kilomita kama 1,200, ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha pia wanadamu waliofungwa minyororo, walioondolewa kwao wasirudi tena. Mtoto apaswa kulijua hilo akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe. Lakini apaswa pia kujua kwamba si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa: Wanyamwezi walikuwa wakiongoza misafara yao wenyewe kwenda pwani kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuzoea kuja huku, na maelfu ya wapagazi walikuwa watu huru waliopatana ujira, wakalipwa kaniki, shanga, na ile nguo iitwayo merikani, iliyopewa jina la nchi ilikofumwa. Haki ya historia ni kuyasema yote mawili, kwa sauti ile ile.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tumeketi kivulini pale Kwihara, mjukuu wangu mdogo aliuliza, "Babu, kwa nini wapagazi wa kwetu walikuwa wakiondoka wakati wa kiangazi?" Sikuwahi kujibu. Dada yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado na utomvu wa viazi vya Jumamosi, alimwambia, "Kwani masika wangemwachia nani shamba?" Ndivyo ilivyokuwa hasa. Wanyamwezi wengi walifunga safari mvua zilipokatika na nafaka ilipokwisha kuingia ghalani, wakajitahidi kurudi kabla ya kupanda. Na mgeni aliyetaka wapagazi katika siku za kilimo aliwapata kwa shida, hata awe na vitambaa vingi namna gani. Biashara ile kubwa, iliyotikisa masoko ya Unguja na ya ng'ambo, ilipiga magoti mbele ya jembe. Msichana yule hakuyasoma hayo popote. Aliyajua kwa kuwa aliishi juma moja katika kalenda ile ile waliyoifuata mababu zake.

Jumatano twatembelea warina asali. Tabora ina jina kwa asali na nta, na hapa kipo chuo cha kufundishia ufugaji wa nyuki. Watoto hawakaribii mizinga, maana nyuki wetu hawana mzaha. Hukaa mbali wakaona moshi ukifukizwa, kisha wakaonyeshwa masega, wakaona asali ikichujwa na nta ikiyeyushwa. Mrina mmoja huwaonyesha mzinga wa gome na mzinga wa mbao, akawaeleza kwa upole ya kuwa mti uliochunwa gome lake hufa, na mti ukifa, maua hayapo, na maua yasipokuwapo, mzinga huo ni kopo tupu. Sijapata kusikia somo la kuhifadhi misitu lililo fupi na timilifu kuliko hilo.

Alhamisi huanza kwa lugha na huishia stesheni. Huwauliza watoto: jana ilikuwa Jumatano, siku ya tano tangu Jumamosi, na leo ni Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya tano vilevile, imekuwaje juma moja likawa na tano mbili? Wakiisha kutatizika, huwaambia kwamba Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, nasi Jumamosi, na kwamba hesabu hizo mbili zilikutana pwani zikakubali kukaa pamoja katika lugha moja, kisha lugha hiyo ikapanda bara kwa miguu, ikiwa imebebwa na misafara, hata leo Mtabora huisema kama yake. Halafu twaenda kuangalia reli, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaondoa mizigo mabegani mwa watu. Watoto hupenda zaidi habari za mwaka 1916, ambapo Wajerumani, waliozingirwa na vita na kukatiwa njia za kuletewa fedha, walitumia karakana ya reli ya Tabora kufua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Njiani kurudi huwasimulia pia juu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye ngome yake ilipovunjwa na Wajerumani hao mwaka 1893, aliona heri kuwasha baruti ajilipue kuliko kutiwa mbaroni.

Ijumaa hatufundishi. Asubuhi ni usafi, adhuhuri ni sala, na magharibi moto huwashwa uani, kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu na jirani zetu Wasukuma katika ule moto wa mazungumzo wauitao shikome. Juma likiangukia mwandamo, sote hugeuka upande wa magharibi kuutafuta mwezi mchanga, na kwa kuutazama watoto huelewa kwa nini yasemwa kwamba watu wa pwani, wakiuona kila mwandamo ukichomoza upande wa bara, waliwaita watu wa huku Wanyamwezi. Kisha kila mtoto humsimulia Bibi jambo moja alilojifunza, naye husahihisha. Hana cheti cha shule hata kimoja, na sijaona mtu aliyetoka mbele yake bila kuongezewa kitu.

Gharama ya juma hili ni ndogo: viazi, nauli kidogo, na mzee aliye tayari kuulizwa maswali. Kila mahali pana majira yake. Wa Kigoma ana dagaa na giza la mwezi, wa Pemba ana karafuu, wa Mombasa ana kaskazi na kusi. Nawasihi wazazi wenzangu wasiache likizo ipite kama muda uliokufa, kwa kuwa mwalimu wa darasani, hata awe hodari vipi, hawezi kumwonyesha mtoto mambo ambayo hutokea mara moja tu kwa mwaka, tena nje ya ukuta wake.

Baada ya masimulizi, Bibi huitazama michembe, ambayo kwa siku sita imekwisha kukauka ikalia kama vigae, huitia guniani, hufunga mdomo wa gunia kwa kamba ya gome, na kuwakataza watoto wasiliguse. Litafunguliwa Novemba, mvua ya kwanza itakapodondoka na sisi kuinama mashambani kupanda. Wakati huo wao watakuwa darasani, na jioni, wakirudi wamelowa na njaa imewashika, watakuta sahani ya michembe iliyopikwa kwa karanga, kazi ya mikono yao wenyewe, ikiwangoja.